Nyumba Isiyovuja Upepo

Fundi viatu alikuwa ameanza kunusa kuta za nyumba yake. Alisubiri mkewe atoke kwenda sokoni, ndipo akapiga magoti nyuma ya kochi, akaweka pua pale ukuta unapokutana na sakafu, akavuta hewa polepole kama mtu anayetaka kujua jirani anapika nini. Hakusikia harufu yoyote, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Kitu kisicho na harufu, alijiambia, kina sababu ya kujificha.

Mtu mwingine angeiona nyumba ile akamwonea wivu. Kabla baridi haijaanza, shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuja na ngazi na magunia yake akaikarabati yote. Kazi ya shemeji ilikuwa kuziba nyumba za watu zisipoteze joto, na mtaa mzima ulimwita Kizibo. Alitandaza sufi ya kioo juu ya dari. Alibandika mbao za povu kwenye kuta kwa ndani akazipiga plasta juu yake. Madirisha ya zamani, yale yaliyokuwa yakipiga miluzi upepo ukivuma, aliyang'oa akaweka mapya ya vioo viwili, na milango akaivisha mipira pembeni. Alipomaliza, ukifunga mlango wa mbele unasikia masikio yanajaa kidogo. Hita iliyokuwa ikiwaka kutwa nzima sasa iliwaka asubuhi tu, na joto likakaa ndani hadi jioni kama mgeni asiyekumbuka kwao.

"Nimekufunga kama soda, shemeji," Kizibo alisema siku ile akikusanya vifaa vyake. "Sasa ujichunge. Kila unachokitoa humu ndani utakikuta kesho kinakusubiri. Hata na hiyo gundi yako."

"Cha kujichunga ni soksi zako," fundi viatu alimjibu. "Ukizivua hapa, mimi na familia yangu tunahama."

Walicheka, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa. Tangu siku ya posa hawakuwahi kuambiana neno kavu lisilo na utani. Mmoja akiugua, mwingine alikwenda kumwona na kumwuliza kama ameshagawa nguo zake.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha madirisha yakaanza kutoa jasho kila asubuhi, maji yakichuruzika kwenye vioo hadi kwenye fremu. Kwenye kona moja ya chumbani pakatokea madoa meusi madogo, mke akayafuta, yakarudi. Kisha mtoto akaanza kukohoa.

Mtoto alikuwa mmoja tu, msichana wa darasa la pili aliyeitwa Kidoti kwa ajili ya alama ndogo iliyokuwa shavuni mwake. Walimpata baada ya kumwomba Mungu kwa miaka mingi, wakati ambapo hata ndugu walikuwa wameshaacha kuuliza. Kwa hiyo Kidoti akipiga chafya, nyumba nzima husimama. Na sasa hakuwa anapiga chafya. Alikuwa akikohoa kikohozi kikavu, kisha kifua kinalia kama mlango unaohitaji mafuta, na macho yanamwasha. Akirudi kutoka shule alikuwa mzima. Ikifika jioni ameanza.

"Shuleni hakohoi," fundi viatu alimwambia mkewe. "Barabarani hakohoi. Humu ndani ndiyo anakohoa. Humu ndani kumeongezeka nini?"

Mkewe alikuwa akikunja nguo. "Baba Kidoti, sijui."

"Hujui, au hutaki kusema?"

Mkewe aliendelea kukunja. Na fundi viatu aliona, au alidhani ameona, kwamba alikunja shati lilelile mara mbili.

Tangu hapo akawa anamchunguza. Simu ya mkewe ikilia, alipunguza sauti ya redio. Siku moja alimsikia akiwa jikoni anaongea na kaka yake kwa sauti ya chini: "Usimwambie wewe. Wewe ukimwambia atakasirika tu. Acha nitafute namna." Kisha aliposikia hatua za mumewe, akaanza kuongea kwa sauti kubwa juu ya bei ya nyanya.

Fundi viatu alirudi kwenye chumba chake cha kazi akakaa juu ya kigoda bila kushika kitu. Chumba hicho kilikuwa nyuma ya nyumba, mlango wake ukitazamana na mlango wa chumba cha Kidoti, na ndicho kilichowalisha. Kulikuwa na kalibu za mbao za kuundia viatu zimepangwa kwa ukubwa, mashine ya kushonea, msharasi wa kutobolea ngozi na nyundo, vipande vya ngozi, na kopo la gundi ambalo halikufungwa tangu asubuhi hadi jioni, kwa sababu shule zilikuwa zimetangaza ukaguzi wa sare na kila mzazi alikuwa amekumbuka viatu vya mwanawe siku ileile. Kisha akaanza kupaka gundi soli moja baada ya nyingine huku akiwaza. Sasa alielewa. Kizibo ametumia mabaki. Amechukua povu bovu kwenye nyumba ya mtu, labda lililoloa maji, labda lililokatazwa, akamwekea dada yake ukutani kwa sababu hapa hakuna wa kumkagua. Na dada mtu anajua. Wanajua wote wawili, na mtoto anakohoa.

Jioni waliposhikana mikono kusali kabla ya chakula, mkewe ndiye aliyeomba. Alimwombea Kidoti pumzi, akawaombea wote "macho ya kuona." Fundi viatu alikuwa amefumba jicho moja. La pili lilikuwa ukutani.

Daktari wa zahanati alikuwa kijana mwenye haraka, lakini alimsikiliza Kidoti kifua mbele na nyuma.

"Hana maambukizi," alisema. "Njia zake za hewa zimekereka. Kuna kitu anakivuta nyumbani. Mna moshi humo ndani? Mmepaka rangi karibuni? Kuna ukungu, vumbi, dawa yoyote kali?"

"Kuna shemeji," alisema fundi viatu.

Daktari alimtazama, akamtazama mkewe. Mke aliinamisha kichwa.

"Nyumba imekarabatiwa, daktari. Kuta zote zimejazwa vitu. Vipya, au tulivyoambiwa ni vipya," fundi viatu aliendelea.

"Basi hewa iwe inazunguka. Fungueni madirisha. Nyumba ikibanwa sana, kilichomo hakitoki. Na wewe, mzee, unafanya kazi gani?"

Lakini fundi viatu alikuwa ameshanyanyuka na kumshika mtoto mkono. Alichokuja kukitafuta alikuwa amekipata.

Madirisha hakuyafungua. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na yeye si mtu wa kupasha joto barabara. Badala yake alianza kutafuta ushahidi, na anayetafuta kwa moyo ule hawezi kuukosa. Aliukuta kwenye chumba chake cha kazi. Juu, karibu na dari, Kizibo alikuwa ameacha tundu la mviringo lililopita hadi nje, akalifunika kwa kifuniko cha plastiki chenye mistari. "Hili usiliguse," alikuwa amesema. Fundi viatu alipanda juu ya kigoda akalitazama kwa tochi. Kwenye mistari ya plastiki kulikuwa na vumbi la kijivu, laini, limejikusanya kama nywele za paka.

Basi ndiyo hii. Sufi ya kioo inamomonyoka juu ya dari, inashukia ukutani, na tundu hili linaiingiza kwetu. Ndiyo maana aliniambia nisiliguse.

Alichagua ngozi nzuri, si ya mabaki. Aliikata mviringo kwa kisu kikali, akaipunguza ukingo ili ilale vizuri, akapaka gundi pande zote mbili, akasubiri ikauke kidogo kama inavyotakiwa, kisha akaibandika na kuigonga kwa nyundo ukingo wote. Ilikaa kama imeota palepale. Hata mtaalamu angepita asione. Alishuka, akatazama kazi yake, akaridhika kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Kidoti akazidi. Jioni iliyofuata alishindwa kumaliza chakula. Mabega yalikuwa yakipanda na kushuka, na kati ya pumzi na pumzi alitoa sauti nyembamba iliyomfanya baba yake asahau hata jina la Mungu. Mama yake alimbeba mbio hadi nje barazani, akamfunika kanga na kumkalisha mapajani kwenye baridi. Kidogo kidogo mabega yakatulia.

"Mama, huku nje kuzuri," Kidoti alisema.

Fundi viatu alisimama mlangoni. "Umesikia?" alimwambia mkewe. "Mtoto mwenyewe anasema. Nyumba hii ina sumu. Kaka yako ametuwekea sumu."

"Baba Kidoti, naomba tuongee. Naomba unisikilize bila kukasirika."

"Siongei na mtu anayenong'ona jikoni."

Kesho yake aliwapeleka mkewe na Kidoti kwa dada yake mkubwa. Dada mtu alikuwa msusi, aliishi vyumba viwili kwenye nyumba ya zamani ambayo upepo uliingia chini ya mlango na kutokea dirishani bila kumsalimu mtu. Huko Kidoti alipona. Si kwa dawa wala kwa maombi marefu. Alilala tu huko, akaamka anaimba.

Fundi viatu aliposikia alipiga ngumi kiganjani. Alipata alichotaka kuthibitisha. Alipita kwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, ambaye alikuwa amekubaliana na Kizibo amzibie nyumba mwezi unaofuata, akamwambia, "Mwalimu, mimi sisemi kitu. Lakini kabla hujamfungulia mlango yule bwana, uliza mtoto wangu analala wapi siku hizi." Mwalimu aliuliza, akaambiwa, akabadili mawazo. Na kwa kuwa duka la jirani lilikuwa linasikiliza, wengine wawili nao wakabadili mawazo.

Ndipo akampigia simu Kizibo. "Njoo ufungue ukuta wako mbele yangu."

Kizibo alikuja jioni ileile. Mke alimwacha Kidoti kwa jirani wa msusi, akaja na wifi yake huyo ili kuwe na shahidi. Walikaa kwenye kochi kama watu waliokuja kutoa pole.

"Hodi kwa mzee wa soli," Kizibo alisema akiingia. Alitazama nyuso zao, akaweka begi chini. "Shemeji, leo hakuna utani?"

"Utani nilikuachia wewe. Fungua."

Kizibo alitoa kisu na patasi akakata plasta pale alipoonyeshwa, nyuma ya kochi, mraba mzuri wa kuweza kuingiza mkono. Fundi viatu alimsukuma kando akaingiza mkono mwenyewe. Alitarajia kugusa kitu kibichi, kilichooza, kinachochafua vidole. Akagusa povu kavu, gumu, safi kama siku lilipotoka kiwandani. Akavunja kipande, akakitazama, akakinusa.

"Fungua na pale."

Kizibo akafungua na pale. Kulikuwa vilevile.

"Na chumba cha kazi," alisema fundi viatu, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Kizibo alitangulia kuingia. Hakukaa. Alitoka akiwa amefumba macho, machozi yanamtoka, mkono puani. "Mungu wangu! Unakaa humu?"

"Nafanya kazi humu."

"Tundu liko wapi? Niliacha tundu pale juu."

"Nimeliziba. Lilikuwa linatuletea uchafu wa ukuta wako."

"Tundu haligusani na ukuta wangu, linakwenda nje moja kwa moja! Lile vumbi ni la ngozi unazosugua, lilikuwa linatoka, haliingii!" Kizibo alifuta macho kwa mkono wa shati. Alikuwa amepandisha sauti, jambo ambalo halikuwahi kutokea ndani ya nyumba ile. "Shemeji, ni gundi. Kopo liko wazi, na mlango wa chumba hiki unatazamana na wa mtoto. Zamani nyumba hii ilikuwa inavuja kila mahali, gundi ilikuwa inapeperuka hujui hata ilikokwenda. Sasa inakaa. Nilikwambia siku ile ile nilipomaliza. Nilikwambia utakikuta kinakusubiri."

"Ulikuwa unanitania."

"Nilikuwa nakuonya!"

"Wewe hujawahi kuniambia neno la kweli tangu nimwoe dada yako, leo nitajuaje lipi la kweli?"

Msusi alimtazama mdogo wake kwa namna ambayo fundi viatu hakuipenda.

"Gundi hii," fundi viatu alisema, "nimeishika kabla sijaota ndevu. Marehemu baba aliishika. Tulilala watoto sita kwenye chumba kimoja na kopo lake, hakuna aliyekohoa. Leo gundi ndiyo imegeuka, kuta zako hazijageuka? Umekuja umejipanga. Umefungua palipo pazuri. Palipo pabaya unapajua wewe."

"Uliyechagua pa kufungua ni wewe, mdogo wangu," alisema msusi.

"Dada, usiingilie."

Kizibo alirudisha patasi kwenye begi, kisha kisu, kisha akafagia vipande vya plasta kwa mikono yake mpaka sakafu ikawa safi. Alimwambia dada yake kwaheri. Fundi viatu hakumtazama, wala hakuambiwa kitu. Walizoea kuachana kwa matusi ya mzaha hadi getini, na jioni ile mlango ulifungwa taratibu, mipira ikabana, nyumba ikawa kimya kabisa.

Mkewe alinyanyuka. "Mimi narudi kwa mtoto," alisema. Mlangoni akageuka. "Ulitaka kujua tulichokuwa tunanong'ona. Ni hicho alichokwambia. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia mimi, nikajua utasema kaka kanituma. Na leo umemwambia amejipanga."

Fundi viatu alibaki peke yake. Alikaa siku mbili akifanya kazi na mlango umefungwa, na mara kwa mara alisimama kunusa. Alinusa gundi kopo likiwa chini ya pua. Ilikuwa na harufu, ndiyo, ile harufu ya kawaida ya maisha yake, ya mikono ya baba yake, ya ada ya shule na ya mahari. Haikumchoma popote. Kichwa kilimuuma kila jioni, lakini kichwa chake kilikuwa na mengi ya kukiumiza.

Aliomba. Aliomba kwa bidii, amepiga magoti kati ya viatu vya watoto wa watu, kwamba Mungu aumbue uongo wa kila mwenye uongo. Hakufikiri kwamba ombi kama hilo lina mlango wa pande zote mbili.

Siku ya tatu mvua ilianza tangu asubuhi na upepo wa baridi. Alikuwa na viatu vya kukabidhi, na alikuwa amemkumbuka mwanawe mpaka basi. Aliweka kalibu mbili, soli, brashi na kopo la gundi kwenye kikapu, akaenda kwa dada yake. Atafanya kazi huko huko, akae na Kidoti.

Kidoti alimrukia mlangoni. Alikuwa amesukwa mabutu mapya, mashavu yamejaa.

"Baba, shangazi kaniambia nikikua atanifundisha kusuka!"

"Na viatu nani atashona?"

"Wewe si upo?"

Msusi alikuwa amemwambia mteja wake arudi kesho, kwa hiyo chumba kilikuwa chao. Kwa sababu ya upepo alikuwa amekunja blanketi kuukuu akalisokomeza chini ya mlango, na dirishani akajaza magazeti kwenye kila ufa. Chai ilikuwa jikoni. Mke alimpokea mumewe kikapu, akakitazama kilichomo, akasita.

"Hii nayo umeileta?"

"Kesho asubuhi vinachukuliwa. Nifanyeje?"

Mke alivuta kigoda chake mbali kidogo.

Fundi viatu alikaa sakafuni, akafungua kopo, akaanza kupaka. Huku akipaka alimsimulia Kidoti juu ya kiatu kilichotoroka kwa sababu mwenzake alikuwa anakoroma. Kidoti alikuwa amelala kifudifudi pembeni yake, kidevu viganjani, anacheka pale pale kila panapotakiwa. Alipaka jozi ya kwanza, akaipanga ikauke. Akapaka ya pili. Kiatu kilikuwa kimefika stesheni kinakata tiketi ya mguu mmoja, Kidoti alipokohoa.

Mkono wa fundi viatu ulisimama hewani na brashi yake.

Akakohoa tena. Akajikuna macho. Kisha ikatoka ile sauti nyembamba ya mlango unaohitaji mafuta.

"Dada!" Fundi viatu alinyanyuka akigeukageuka, akitazama rafu, chupa, vikopo vya shangazi mtu. "Dada, unatumia mafuta gani humu ndani? Hizi dawa za nywele ni za nini? Hii nini hii?"

Msusi alikuwa ametoka jikoni, mkono mmoja umeshika kikombe. "Mafuta hayo yapo tangu mtoto alipokuja, na mtoto analala hapo hapo chini ya rafu. Kitu kipya kilichoingia humu leo, mdogo wangu, ni wewe."

Fundi viatu alitazama rafu. Akatazama ukuta wa dada yake, ukuta wa matofali matupu ambao hakuna shemeji aliyewahi kuugusa. Hakukuwa na sufi humo, wala povu, wala plasta. Alitafuta mtu mwingine wa kumlaumu, akamkosa. Macho yake yakashuka mpaka kwenye kopo.

Mkewe alikuwa ameshampa Kidoti dawa ya kuvuta aliyoifuata zahanati baada ya ile jioni ya barazani, na sasa alikuwa akimsogeza mlangoni. Msusi alivuta blanketi kwa mguu, akafungua mlango wazi, upepo ukaingia na mvua yake. Akachukua kopo, akachukua viatu vilivyopakwa, akaviweka vyote nje kwenye matone, akarudi na kufungua dirisha, magazeti yakianguka. Fundi viatu alisimama katikati ya chumba na brashi mkononi mpaka dada yake akaichukua pia.

Ilichukua muda. Mtoto alikaa kizingitini kati ya mapaja ya mama yake, mama akimhesabia pumzi kwa sauti ndogo, vuta, toa, vuta, toa. Baba alipiga magoti karibu akitaka kumshika, kisha akakumbuka mikono yake. Aliinusa. Hakusikia kitu. Aliyafikiri mabega yale madogo kwenye chumba kinachotazamana na kopo, jioni baada ya jioni, na lile duara la ngozi alilolikata vizuri namna ile.

"Baba," Kidoti alisema alipoweza, "kile kiatu kilipanda treni?"

Fundi viatu alikwenda akasimama kwenye mvua.

Kesho yake, mvua ilipokatika, alikwenda kwanza kwa mwalimu mstaafu. Alimweleza yote akiwa amesimama kwenye ngazi za mlango, hakukubali kukaribishwa ndani. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Sasa nikuamini wa lini?" aliuliza. "Wa wiki iliyopita au wa leo? Mimi ni mtu mzima, sitaki mashaka ndani ya nyumba yangu. Acha ikae ilivyo." Na akafunga mlango kwa upole.

Alimkuta Kizibo mitaa miwili mbele, kwenye nyumba ya ghorofa moja, amepanda ngazi anaziba chini ya paa. Alikuwa na bunduki ya povu mkononi na kofia ya sufu imeshuka hadi nyusi. Ngazi ilikuwa imesimama kwenye matope.

"Shemeji," fundi viatu aliita.

Kizibo alitazama chini mara moja, akaendelea na kazi. Povu lilitoka, likavimba, likajaza ufa.

"Ni gundi," alisema fundi viatu.

"Kidoti anaendeleaje?"

"Alizidiwa jana nikiwa naye. Sasa amelala. Anapumua vizuri."

"Mungu mkubwa." Kizibo alifuta mdomo wa bunduki kwa kitambaa. "Unataka nini?"

"Nataka kibanda uani, kazi itoke ndani ya nyumba kabisa. Nimekwenda kwa mwalimu nikamwambia nilikosea. Hataki kusikia. Na kwa wale wengine wawili nitakwenda leo."

"Hao wawili wameshamwita mtu mwingine." Alisema bila hasira, na fundi viatu aliona heri angemtukana. "Kibanda sina nafasi ya kukujengea."

"Nitajenga mwenyewe. Nilikuja kukwambia tu."

"Umeniambia."

Hakuondoka. Kizibo alinyoosha mkono kufikia kona ya mwisho, ngazi ikateleza kidogo kwenye matope, ikasimama. Fundi viatu alisogea haraka akaishika kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye kidato cha chini.

"Nimekushikia," alisema.

Kizibo akapanda kidato kimoja zaidi, akatazama chini, si usoni kwa shemeji yake bali mikononi mwake. Akapaka povu, akatazama tena. Akasogea, akatazama. Fundi viatu alikaza vidole mpaka vikaingia baridi ya chuma, shingo imeinama, na hakusema neno, kwa sababu alijua vizuri mtu anavyotazama akiwa hana hakika.